Kumtafutia Mume Mtapo wa Mwakirunge

Shemeji yangu Ngumbao ndiye aliyeanza. Alisema mbele ya dada yangu, na mbele ya sinia ya wali niliyoinunulia nazi mimi mwenyewe: "Karisa ataotesha nini? Hata ndevu zimemshinda." Kufikia jioni, mtaa wetu wote wa Junda ulikuwa unayarudia maneno hayo. Wengine wakaongeza yao: kwamba nilikwenda Uarabuni kumwagilia nyasi za watu na sasa nimerudi kumwagilia magugu yao, na kwamba stashahada yangu ya kilimo cha bustani inafaa kufungia mahamri.

Ni kweli nilimwagilia nyasi. Nilizimwagilia katika jua ambalo Ngumbao asingelivumilia hadi wakati wa chai ya saa nne. Kwa jasho hilo nikarudi nyumbani, nikajisomesha bila kupitisha kofia kwa ndugu wala kwa kanisa, na nikamaliza darasani nikiwa mbele ya vijana walionizidi macho na kumbukumbu. Nayasema haya si kwa kujisifu, ila ni kweli.

Walichoapa kwamba sitakiweza ni kuotesha mtapo. Msomaji ameuona mtapo hata kama hajui jina lake: shina nene kama gogo, na majani marefu magumu yenye miiba pembeni, yale yanayopamba mageti ya harusi na makanisa siku ya Matawi. Huku kwetu ulijaa vichakani. Sasa machimbo yameula, viwanja vimeula, na uliobaki hung'olewa na kupakiwa kwenye malori kwenda kupamba bustani za matajiri. Na una tabia moja ambayo watu wengi hawaijui: uko wa kiume na uko wa kike. Kila mmoja hutoa gunzi, kitu kama nanasi refu lisilo na shungi. Gunzi la dume hutoa unga wa manjano, yaani chavua, na gunzi la jike hubeba mbegu. Dume lisipokuwa karibu, mbegu hutoka tupu.

Alhamisi, Mwakirunge. Hapa ndipo safari yangu ilipozaliwa. Nilikwenda kwa Mama Sidi, mjane mwenye shamba lililopakana na machimbo ya mawe. Kwenye kona ya shamba lake, hatua chache kutoka kwenye ukingo wa shimo, ulisimama mtapo jike uliobaki peke yake. Gunzi lake lilikuwa limeanza kufunguka magamba. Nikaruka kwa furaha. Gunzi la jike hufunguka kwa siku chache tu, kisha hujifunga.

"Usiruke hapo, utaanguka shimoni," Mama Sidi akaniambia. "Mtapo huu ni tasa. Kila ukizaa, mbegu ni mapepe matupu. Baraka anataka kona hii iuzwe kwa wenye machimbo, nami nimechoka kubishana naye."

Baraka, mwanawe, dereva wa tipa la machimbo hayo, alikuwa ameegemea gurudumu akitafuna muhogo. "Mama, mti usiozaa ni kuni," akasema.

"Hauna ugumba wowote," nikamjibu. "Hauna mume. Wenzake wote mmewasomba kwa tipa lako."

Mama Sidi akalinyoshea gunzi kidole. "Haya, msomi. Nakuazima gunzi hili. Likikauka tupu kama mengine, Baraka ana ruhusa yangu. Likitoa mbegu, kona hii haiguswi nikiwa hai. Na mbegu zikiota, mche wa kwanza ni wangu."

Mume nilikuwa namjua. Alikuwa Likoni, ng'ambo ya maji, uani kwa Bi Zuhura. Nilikuwa nimemwona juma lililotangulia, gunzi lake likikaribia kuiva, na nilimsihi bibi huyo asiruhusu mtu aliguse.

Jumamosi, alfajiri, Junda. Nikaenda kwa Ngumbao kuomba pikipiki. Akaitoa nje taratibu, kama mtu anayetoa jeneza.

"Nakuazima, sikupi. Na mafuta?"

"Nitatia."

"Na huo mti wako ukiota, mimi napata nini?"

"Mche."

Akacheka mpaka dada yangu akatoka nje kuuliza kuna nini. "Basi nitakufa nikiusubiri," akasema.

Saa mbili, kivukoni. Wenye safari zao walikuwa wamefika, na wasio na safari pia walikuwa wamefika. Feri moja ilikuwa imesimama ikitazamwa na mafundi, nyingine ilikuwa ikija kwa mwendo wa maharusi. Nyuma yangu mtu alikuwa na mbuzi, na mbuzi huyo aliona koti langu ni chakula. Nilipomkemea, mwenyewe akanijibu, "Mvumilie, naye ana haraka." Nilifika ng'ambo jua likiwa limeshakuwa kali na koti langu halina mfuko mmoja.

Likoni, kwa Bi Zuhura. Niliingia uani, nikasimama. Mtapo dume ulikuwa umenyolewa. Majani ya nje yote yamekatwa, na pale katikati, mahali pa gunzi, palikuwa na kovu bichi linalotoka utomvu.

"Shikamoo Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Mbona watweta?"

"Gunzi liko wapi?"

"Si hao wa harusi! Majani ya mtapo wangu tangu zamani hayauzwi, huazimwa. Kila harusi ya ukoo wetu huja hapa. Niliwaambia wakate majani. Nimeingia ndani kupika chai, natoka, wamekata na hilo. Wasema zuri, lafanana na taa."

"Lakini nilikuomba!"

"Wallahi nami niliwaomba. Wajua watu wa harusi, masikio yao yako kwenye ngoma." Akaniona nilivyonywea, akalegeza sauti. "Harusi iko Changamwe, ukumbini. Mpambaji ni Rehema, shangazi wa bibi harusi. Nenda ukachukue huo unga, nimekuazima. Ila dume ni langu, kwa hivyo mtoto akipatikana na mimi nina sehemu."

Akataka nikae ninywe chai. Nilikataa, akanuna, ikabidi ninywe. Kikombe kilikuwa cha moto kuliko siku zote. Kisha nikarudi kwenye feri ileile, maana barabara mpya ya Dongo Kundu ingenizungusha nusu ya Kwale.

Adhuhuri, Changamwe. Mtu asiyepita Changamwe nyuma ya malori hajui maana ya kusubiri. Matangi ya mafuta mbele, makontena nyuma, vumbi la kiwanda upande mmoja, na mchuuzi wa karanga akinigongea kofia ya pikipiki kila hatua kana kwamba karanga zingeifungua njia. Nilifika ukumbini uso wangu ukiwa mweusi kwa moshi, na kwa hali hiyo nikaingia kwenye harusi ya wanawake.

Kelele zilizopigwa sitaziandika.

Bi Rehema alikuwa juu ya jukwaa, kopo la rangi ya dhahabu mkononi. Gunzi lilikuwa limesimamishwa kando ya kiti cha bibi harusi. Nusu yake ya juu ilikuwa inang'aa dhahabu.

"Simama!" nikapiga kelele. "Usilipake!"

"We kaka, toka! Hujui hapa ni pa wanawake?"

"Bi Rehema, hilo si pambo. Hilo ni dume."

Wanawake wote wakaangua kicheko. Mmoja akadakia, "Bora dume hilo kuliko bwana harusi, limewahi kufika!"

Nilieleza. Nilieleza habari ya jike la Mwakirunge, ya shimo, ya Mama Sidi na ya Baraka. Nikaitaja na stashahada yangu, nikiamini kwamba itasaidia. Haikusaidia. Kilichosaidia ni kwamba Bi Rehema alisikia kuna jike linalosubiri mume na mume amechelewa kwa sababu yake yeye.

"Astaghfirullah," akasema, akaliweka kopo chini. "Sasa mnataka nibebe dhambi ya kuvunja harusi ya mti? Chukua unga wako. Lakini gunzi lenyewe libaki. Nimeshalipanga na maua, na kesho wapiga picha waja."

Nusu ya chini ilikuwa bado safi. Nikatandaza karatasi, nikaligonga taratibu, na chavua ikamwagika ya manjano kama binzari. Sikuwa na pa kuitia. Mfuko wa plastiki ungetoa jasho na kuiozesha. Bi Rehema akafungua pochi, akanipa bahasha ya tunzo, yenye waridi jekundu na maandishi ya pongezi.

"Watu wote huja na bahasha," akasema. "Wewe ndiye wa kwanza kutoka nayo. Nami nakuazima, utairudisha na kitu ndani."

Alasiri, njiani kurudi Mwakirunge kupitia Kisauni. Nilipovuka daraja la Nyali mvua ikaanza. Chavua ikilowa imekufa. Nikaiweka bahasha ndani ya kofia, kofia kichwani, nikakimbilia baraza la duka la vifaa vya ujenzi na kusimama hapo. Mwenye duka akaniuliza mara nne kama nataka misumari. Mara ya tano nikanunua misumari. Mpaka leo sijaitumia.

Mwakirunge, jua likielekea kuzama. Moshi wa jalala la mji lililo jirani ulikuwa umelala chini baada ya mvua, na tipa la Baraka lilikuwa limeegeshwa karibu na kona kuliko siku ile. Nikakata bua la jani la mpapai, lile lenye tundu ndani ambalo watoto hulipuliza kama filimbi, nikatia chavua kidogo mwanzoni mwake, nikapuliza katikati ya magamba. Gamba kwa gamba, nikizunguka, huku miiba ikinichoma mikono na Baraka akiuliza kama kazi hiyo nayo ina stashahada yake.

"Ndiyo," nikamjibu. "Na wewe huna."

Asubuhi mbili zilizofuata nilirudi kupuliza iliyobaki. Kisha gunzi likajifunga, na ikawa ni kungoja. Hapo ndipo waliokuwa wakinicheka walipopata nafasi ya kutosha. Kila Jumapili Ngumbao aliniuliza mbele ya watu kama mkaza mwana wangu amepata mimba.

Gunzi lilipoanza kupukutika lenyewe, Mama Sidi alinitumia ujumbe nije. Nilimkuta ameshajaza ndoo ya maji na Baraka yuko kando yake. Mbegu tupu huelea, iliyojaa huzama. Mbegu zake ni nyekundu na laini kwa nje, na zina sumu, basi nilivaa glavu nikaanza kuzidondosha.

Ya kwanza ikaelea. Ya pili ikaelea. Ya tatu pia. Baraka akakohoa, akaingiza mkono mfukoni kutafuta ufunguo wa tipa.

Ya nne ikazama.

Ilizama moja kwa moja mpaka chini ikagonga ndoo, na sote tuliusikia mlio huo. Iliyofuata ikazama. Kisha nyingine. Mama Sidi akaanza kuzidondosha yeye mwenyewe, akisahau sumu, nami nikimkemea na yeye hasikii.

"Baraka," akasema bila kugeuka, "hilo tipa usiliegeshe tena hapa."

Kuotesha kulikuja baadaye, na hakukuwa kwa haraka. Nilizihifadhi mbegu kivulini, nikazilaza kwenye mchanga, nikazilinda dhidi ya kuku wa dada yangu na ushauri wa majirani. Siku zangu nzuri kupita zote ziko pale kitaluni, asubuhi, nikimwaga maji na kuona jani la kwanza limejikunja likitoka mchangani. Huko Uarabuni nyasi zilikua nikiwa nimezipa mgongo. Hapa nilichuchumaa na kutazama.

Leo asubuhi niliiazima tena pikipiki. Mama Sidi alipata mche wa kwanza, akaupanda kwenye kona ileile. Ngumbao akaupokea wake kwa mikono miwili, jambo ambalo dada yangu hakuwahi kuliona. Changamwe, Bi Rehema alitoka na bibi harusi wake, ambaye sasa ana mtoto mgongoni. Nikampa mche, na ile bahasha ya waridi yenye mbegu moja ndani.

Mwisho, Likoni. Bi Zuhura akaugeuza mche mkononi. "Huyu ni dume au jike?"

"Haijulikani, Bi. Mpaka utoe gunzi."

"Lini?"

"Miaka mingi."

"Kwa hivyo wanilipa kitu nisichokiona!" Akanikazia macho, kisha akaniamuru nichimbe shimo mkabala na dume lake la zamani, si karibu sana. Alishuka mwenyewe na kata ya maji. Nilichojifunza katika safari hii kimo katika shimo lile: mtapo wa Mwakirunge haukukosa udongo wala mvua, ulikosa mtu wa kuyapitia haya yote kwa ajili yake. Mtu huyo ni mimi.

Bi Zuhura akamwaga maji ya mwisho, akaipigapiga ardhi kwa kandambili.

"Haya, hatudaiani," akasema. "Kanawe mikono uje ule."