Siku Basi Lilipokwenda Kununua Vitu

Kwetu Katelembo hakuna aliyewahi kuitwa timu ya taifa kabla ya mdogo wangu. Wenzake walikimbia, yeye alirusha mkuki. Alianzia shambani, kwa ufito alioukata baba, mbaazi zikishavunwa. Alipochaguliwa kwenda kwenye yale mashindano makubwa ya michezo yote ng'ambo, mama alizunguka kijiji kizima akiwaambia watu siku na saa ya kuwasha televisheni.

Siku hiyo niliomba ruhusa shuleni ninakofundisha, nikawapeleka wazazi Machakos mjini, kwenye hoteli ya Msomali mmoja anayenunua mbuzi wa baba. Alikuwa ameondoa mechi ya mpira kwenye televisheni, akatuwekea mashindano.

"Leo ni siku ya binti yetu," akawaambia wateja.

Warushaji wakaitwa mmoja mmoja. Jina la mdogo wangu likatokea kwenye kioo, na mahali pa matokeo yake pakabaki patupu. Mtangazaji akasema Mkenya hakufika uwanjani, kisha akaendelea na wengine.

"Ameogopa," akasema mtu mmoja mdomo ukiwa umejaa pilau.

Mama akanigeukia. "Ako wapi?"



Mdogo wangu alipiga simu jioni, sauti imekauka. "Dada, nilikuwa nimevaa tayari tangu asubuhi. Basi halikuja."

"Basi gani?"

"La kutupeleka uwanjani. Wakubwa wa timu walilichukua wakaenda kununua vitu na wageni wao. Kocha wangu aliachwa Kenya, sikuwa na mtu wa kuuliza. Nikaamua kukimbia kwa miguu hadi uwanjani. Nilipofika nikaambiwa muda umeisha."

Kesho yake kiongozi wa msafara akahojiwa kwenye televisheni. Akasema timu imefanya vizuri, ila kijana mmoja alikosa nidhamu, akalala hadi akapitwa na zamu yake. Alisema hivyo akitabasamu. Nilizima televisheni nikatoka nje, maana watoto wangu hawajawahi kunisikia nikitukana.

Wiki tatu baadaye palifanyika sherehe mjini ya kuwapongeza wachezaji wa kwetu. Kiongozi yuleyule alikuwa mgeni wa heshima. Aliwasifu waliopata medali, kisha akamwelekezea kidole mdogo wangu. "Na huyu wetu wa mkuki, safari ijayo tutamnunulia saa ya kumwamsha!"

Watu wakacheka. Mdogo wangu akainamisha kichwa. Sijui nilisimama saa ngapi, nilijisikia tu nikisema, "Mzee, mdogo wangu hakulala. Basi lilikuwa wapi?"

"Mwalimu, keti tafadhali," akasema mwenye kipaza sauti.

"Nitaketi nikijibiwa. Basi lilikuwa wapi?"

"Hayo ni mambo ya ofisi," akasema mgeni, hatabasamu tena.

Ndipo akasimama bondia mmoja, medali ya shaba ikiwa bado shingoni. "Mimi nililiona hilo basi," akasema. "Lilirudi saa nane mchana, limejaa mifuko ya nguo na viatu vya watoto. Hata mimi nilienda ulingoni na basi la timu nyingine."

Hakuna aliyecheka. Mgeni wa heshima akanong'onezana na dereva wake, akaondoka kabla chakula hakijapakuliwa. Hakumwomba mtu msamaha. Yule bondia alikuja akatusalimia wote, akampa mama mkono kwa mikono miwili.

Nilidhani mdogo wangu angenishukuru. Tulipofika nyumbani alinifokea. "Nani alikutuma? Sasa hawataniita tena!"

Na kweli hawakumwita. Orodha iliyofuata ilitoka bila jina lake, na hakuna aliyetupa sababu. Wakubwa walibaki kwenye viti vyao. Sasa mdogo wangu anashona suruali katika kiwanda kimoja Athi River, na kila Jumamosi huja kufanya mazoezi katika uwanja wa shule yetu.

Baada ya ile sherehe hakunisemesha kwa mwezi mzima. Jumamosi moja nikamfuata uwanjani, nikamwambia pole kwa kumharibia, ingawa sikujuta kuuliza na hata leo sijuti. Alinisikiliza hadi mwisho, akifuta mkuki kwa kitambaa.

"Mimi pia nilitaka kuuliza," akasema. "Niliogopa."

Akanipa futi ya kupimia, akaniambia nisimame kule mbali, nipime mkuki utakapoangukia.