Karani na Kivinjari Kisichotulia

Karani wa duka la kujazia watu fomu huweka kiganja ubavuni mwa kompyuta kabla ya kuandika, kama anayepima homa ya mtoto. Kila wiki kivinjari hujisasisha, vitufe huhama, na mashine huzidi kujikokota. Mimi nilijifunza taipureta kwa kitabu cha kuokota, na sikuwahi kuona herufi ikihama mahali pake. Jana, nikisubiri foleni, nilimwona akimjazia mjane maombi ya mirathi, na ilikuwa siku ya mwisho ya kuyapokea. Mjane alitaja tarehe aliyofiwa na mumewe, kisha majina ya wanawe wawili waliomfuata baba yao kaburini. Papo hapo kivinjari kikajifunga ili kijisasishe, na fomu ikarudi tupu.

"Kila wakikifanya kipya kinazidi kuzeeka!" fundi viatu akafoka kwenye foleni.

"Nianze tena kuyataja, mwanangu?" mjane akamuuliza karani.

"Pumzika tu, mama."

Karani akafumba macho kidogo kuyakumbuka, kisha akaandika yote upya, tarehe na majina, bila kumuuliza neno. Aliandika kwa mkono mmoja. Kile kiganja cha kupimia homa kilikuwa juu ya mkono wa mjane. Zamu yangu ilipofika, nilikuwa nimesahau kulalamika.