Kamba ya Kasiani

Aliyeikata kamba ni mimi. Jamani, neno hili nimelifuta mara ngapi kabla ya kuliandika!

Nilikuwa nimerudi Ifakara kutoka chuo cha ualimu, nikatunga igizo la Pasaka. Aliyeigiza mfalme alikuwa Kasiani, aliyevusha watu mtoni, njia ya kwenda Mchombe. Akinguruma jukwaani, watoto walijificha. Lakini nikimwomba aache kazi tufanye mazoezi, alicheka: "Mwalimu, ufalme nitauvaa jioni. Asubuhi watu wanataka kuvuka."

Mtumbwi wake ulivutwa kwa kamba iliyofungwa kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Kila asubuhi aliipapasa yote kwa viganja kabla ya mtu kupanda. Kila Jumapili aliifungua akaianika, akaifunga tena Jumatatu.

Jumapili ya Pasaka niliichukua bila kumwambia, nikatundikia pazia. Ncha ikaning'inia vibaya. Nikaikata! Igizo lilipokwisha niliiunga, nikazungushia nyuzi za mkonge fundo lisionekane, nikairudisha. Nitamwambia kesho, nilijiambia. Kisha nikaanza kuwaza atanionaje.

Jumatatu mto ulikuwa umefura, maji mekundu yamebeba miti mizima. Kasiani alikuwa bado na masizi ya ndevu za kifalme kidevuni.

"Leo tunavushwa na mfalme!" alitania Mama Sesilia, amejitwika mbegu ya mpunga.

"Mfalme alikuwa jana, mama. Leo Jumatatu."

Akaishika kamba, akaanza kuipapasa. Niliona vidole vyake vinalikaribia fundo.

"Nimekwisha kuikagua, kaka," nikasema. "Iko sawa."

Akaniamini. Akaifunga. Ole wangu!

Fundo liliachia katikati ya mto, mtumbwi ukapinduka. Kasiani aliwaokoa wawili. Mama Sesilia hatukumpata.

Mbele ya jumbe, Kasiani alisema: "Kazi yangu ni kuipapasa kamba. Siku ile sikuimaliza. Kosa ni langu." Hakunitaja. Wakamnyang'anya mtumbwi. Nami nilikaa palepale, natafuta sentensi ya kuanzia. Sikuipata!

Juzi nilikutana naye njiani, jembe begani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mwalimu. Wavuvi wameiopoa ile kamba. Iko kwangu, nimeianika. Ikikauka nitaipapasa."

Akaenda zake shambani, kama kila siku.

Wenzangu mnaoficha kosa huku mkitafuta maneno mazuri ya kulisema, msitafute! Lisemeni kwa hayo mabaya mliyonayo, kabla mtu hajapanda mtumbwini.

Mimi nimechelewa. Leo ni siku ya tatu jua linaiwakia kamba ile.