Jina Moja Alilojua Kuandika

Kwa miaka kumi na mitatu Kokulinda alipiga kura za chama mezani kwa Venant, na hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo. Wajumbe wengine walipewa kikaratasi chenye muhuri, wakageukia ukuta, wakaandika jina la wanayemtaka, wakakunja. Yeye na wazee wawili wasiojua kuandika walipelekwa kwenye meza ndogo ya katibu wa tawi. Venant aliinama, akanong'ona, "Nani, mama?" Kokulinda akamtajia, Venant akaandika. Kura imepigwa, na watu wawili wanaijua.

Mwaka huu jambo hilo lilimkosesha usingizi. Katika kura za maoni, zile za chama kuchagua nani asimame kugombea udiwani, mmoja wa waliochukua fomu alikuwa Deodatus, mdogo wa marehemu mume wake. Na Venant na Deodatus walikuwa wanakula sahani moja.

Kokulinda alizaliwa upande wa Muleba, katika nyumba ambayo shule ilikuwa ya wavulana. Yeye alipewa jembe. Alipoolewa na Clavery walikuja Mwanza wakauza ndizi, mikungu ikishuka kwa meli kutoka Bukoba, na baadaye kwa malori. Kiwanja cha Buhongwa walikinunua wakati pale pana mawe na mihogo tu. Mawe ya msingi aliyabeba kichwani yeye mwenyewe, akiwa na mimba ya mtoto ambaye hakuishi. Hilo hakumwambia mtu, ila kila alipofagia ua alijua jiwe lipi lilimwumiza.

Clavery alikufa miaka sita iliyopita. Siku ya nne ya matanga, macho ya Kokulinda yakiwa bado yamevimba, Deodatus aliingia chumbani na karatasi.

"Shikamoo, shemeji. Pole. Hii ni ya kufuatilia mirathi. Weka dole hapa, mengine niachie mimi, nitahangaika na maofisi."

Venant alisimama nyuma yake kama shahidi. Kokulinda aliweka dole gumba, lile jeusi kwa utomvu wa ndizi usiotoka hata kwa mafuta ya taa. Hakuna aliyemsomea kitu. Hakuuliza. Mtu anayelia na wewe msibani, unamuulizaje?

Mwaka jana wapimaji walikuja kupanda mawe ya mipaka, wakamwita "mpangaji". Ndipo alipojua kuwa karatasi ile inasema amemuuzia Deodatus kiwanja na nyumba. Alikwenda baraza la ardhi kwa miguu, akasimama mbele ya mwenyekiti, akasema, "Mimi sijui kusoma wala kuandika. Karatasi ile sikusomewa." Mwenyekiti aliyaandika maneno hayo polepole.

"Hapo ndipo pa kushikilia, mama," alimwambia. "Kama hujui kusoma, itabidi wao waonyeshe ni nani aliyekusomea."

Kesi ilipangwa Jumatatu, siku mbili baada ya kura za maoni.

Wiki mbili kabla ya kura, Deodatus alifika nyumbani. Alivaa shati la chama, jipya, na mikunjo ya dukani bado imo.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Umekuja kukagua nyumba yako?"

Deodatus alicheka mpaka akashika tumbo. "Shemeji kwa maneno! Mimi naomba kura tu. Mambo ya Jumatatu ni ya Jumatatu."

"Kuna wengine wanaomba. Yuko nesi Evelina."

"Yupo. Mama mzuri, alitudunga sindano sote." Aliinua macho akatazama paa, akalitazama kwa muda mrefu. "Bati hili limechoka, shemeji. Upepo wa Agosti hauna huruma. Mtu anaweza kulala ana nyumba, akaamka hana." Kisha akasimama, akajikung'uta suruali. "Sikusumbui. Siku ya kura Venant ataniletea salamu zako."

Alipoondoka, Kokulinda alibaki ameshika kisu cha kumenyea. Alipiga hesabu yake yote hapo hapo. Deodatus akiwa diwani, nani katika kata atasimama barazani kumpinga? Na akimtaja Evelina mbele ya Venant, hata hiyo Jumatatu haitafika salama. Njia ilikuwa moja: aandike mwenyewe, ukutani, kama watu wengine.

Kila Alhamisi alikuwa anapeleka ndizi mjini Nyamagana kwa Bi Zahabia, mjane mwenye duka la vitambaa na nyuzi lililoachwa na wakwe zake. Alhamisi hiyo, baada ya kushusha mkungu, hakuondoka.

"Bi Zahabia, niandikie Evelina."

"Evelina nani?"

"Evelina tu. Anatosha."

Zahabia alimtazama juu ya miwani, hakuuliza zaidi. Alichukua chaki ya fundi cherehani, akaandika kwenye kipande cha kitambaa cheusi, herufi kubwa kubwa. Kisha akampa chaki. Kokulinda aliishika kama anavyoshika kisu, akachora jasho likimtoka.

"Mama Ndizi, hiyo ni herufi au unachora kuku?"

"Kuku huyu atataga, Bi Zahabia. Subiri."

"Haya, mpe miguu basi. Hapa. Na hapa."

Alirudi na kitambaa amekifunga kwenye pindo la kitenge. Kila jioni alichora kwenye jiwe kubwa nyuma ya nyumba, akifuta kwa unyayo mtu akipita. Sauti za herufi hakuzijua. Alizijua kama anayejifunza kusuka: kwanza kitana chenye meno matatu, halafu pembe za ng'ombe, halafu kitana tena. Kisha fimbo yenye mguu. Kisha mti. Kisha kitanda kilichovunjika katikati. Mwisho paa la nyumba. Paa ndilo alilolipenda. Kila alipofika kwenye paa alipumua.

Jumamosi ya kura, vijidudu vya ziwani vilikuwa vimepanda hadi Buhongwa usiku kucha, wingu zima, vikaganda kwenye kuta za ukumbi mpaka rangi haionekani. Wajumbe walivipangusa usoni kwa mkono. Mayala, msimamizi aliyeletwa kutoka wilayani, alisoma majina mawili, akagawa vikaratasi.

"Mama Koku!" Venant aliita kutoka kwenye meza yake ndogo. "Huku, mama."

Kokulinda alijifanya hasikii. Alikwenda ukutani, katikati ya akina mama wawili, akaweka karatasi juu ya wale wadudu wafu. Kalamu ilikuwa nyembamba kuliko chaki, ilimponyoka mara mbili. Kitana. Pembe. Kitana. Fimbo. Mti. Kitanda. Paa. Akakunja, akatumbukiza kwenye sanduku, akarudi kwenye kiti. Nyuma yake wazee wawili walikuwa mezani kwa Venant, na Venant alikuwa anamtazama yeye, si wao.

Hapo kwa mara ya kwanza tangu wapimaji waje alihisi kitu kama furaha. Hakudumu nacho.

Mayala alimwaga kura mezani, akaanza kuinua karatasi moja moja juu ya kichwa ili wote waone, akisoma. Deodatus. Evelina. Deodatus. Maandishi yalikuwa madogo, ya wino, yanafanana kama ndugu. Kisha akafungua moja, akaigeuza juu chini, akaigeuza tena, akacheka.

"Jamani, hii imeandikwa na nani? Mtoto wa chekechea?"

Akaiinua. Herufi zilijaa karatasi nzima, kubwa, zimepanda upande mmoja kama watu wanaokwea mlima, ya mwisho imebanwa pembeni.

"Evelina," alisoma. "Inasomeka. Ni halali."

Ukumbi ulicheka. Halafu kicheko kikapungua, kikaisha. Watu wote sitini na watatu walijua ni watatu tu wasiojua kuandika, na wawili walikuwa wameonekana mezani kwa Venant. Vichwa viligeuka kimoja baada ya kingine. Kokulinda aliangalia mikono yake. Alikuwa ametafuta siri, na maandishi yake ndiyo yaliyomtaja.

Deodatus alipata thelathini na saba. Walipiga vigelegele, wakambeba, wakamshusha. Evelina alishikana naye mkono, akatoka na mkoba wake. Deodatus alipita katikati ya viti, moja kwa moja, mpaka mbele ya Kokulinda. Aliinama kwa adabu.

"Shikamoo, shemeji."

Kokulinda alikaza fundo la kitenge chake.

"Sina kinyongo, kura ni haki yako. Ila umenifurahisha." Alipaza sauti, watu wasikie. "Miaka yote tunadhani shemeji hajui kuandika! Kumbe ni msomi, anatuficha tu! Si mmeona wenyewe, wajumbe?"

"Tumeona!" waliitikia, wengine kwa utani tu, bila kujua wanaitikia nini.

"Mmeona. Vizuri," alisema Deodatus, taratibu. "Jumatatu barazani nitaomba watatu wenu wanisindikize mkaseme hivyo hivyo."

Ndipo lilipomwingia. Neno la pekee lililokuwa linashikilia nyumba yake, lile mwenyekiti aliloliandika polepole, alikuwa amelifuta kwa mkono wake mwenyewe mbele ya ukumbi mzima.

Watu walianza kupanga foleni mlangoni kusaini kitabu cha mahudhurio. Zamu yake ilipofika, alinyoosha dole gumba kama siku zote. Venant alikifunga kidau cha wino, akakiweka mfukoni.

"Leo hakuna dole, mama. Andika jina."

Akamsogezea kalamu. Kokulinda aliishika, akainama juu ya mstari mtupu. Alijua kitana, alijua pembe, alijua paa. Jina lake mwenyewe hakulijua linaanza na nini.

"Sijui," alisema. "Langu sijui kuliandika. Nilifundishwa lile moja tu."

Mtu wa nyuma akaangua kicheko, wakafuata wote.

"Huyu mama!" alisema mmoja akijifuta machozi. "Jina la mwenzake analijua, lake halijui! Andika bwana, tuko na njaa!"

Aliwatazama mmoja mmoja, akitafuta hata uso mmoja uliomwamini. Deodatus peke yake ndiye hakuwa anacheka. Yeye alimwamini kabisa, na alikuwa anatabasamu.