Alasiri Ambayo Kathini Hakuibuka

Katika mji wa Wote, ukimuulizia Mwongeli kwa jina lake, huenda mtu akakuna kichwa kwanza. Ukisema yule mama wa swimming, hata muuza matunda wa kando ya barabara atakuelekeza: pita kituo cha mafuta, shika njia ya vumbi, uingie lango la hoteli yenye bwawa. Hapo ndipo alipofundisha watoto kila Jumamosi, filimbi shingoni, vazi la kuogelea likiwa limemfunika mpaka kwenye vifundo vya miguu, kwa sababu akina mama wa kanisani kwake walikuwa wamesema ya kutosha kuhusu mapaja yake, yeye mke wa Ndolo.

Alikuwa mzaliwa wa Tulia, upande wa Kitui, ambako utotoni maji aliyajua kama mzigo wa mgongoni. Kuogelea alijifunza ukubwani, tayari ni mama wa watoto wawili, baada ya kuanguka na bodaboda kwenye miteremko ya Mbooni akavunjika goti. Daktari alimwambia maji yatamrudishia mguu. Mguu ulirudi, lakini Mwongeli hakutoka tena majini. Akasomea ukocha, akaanza kufundisha watoto wa watu, na siku moja akasikia kwamba kuna mashindano ya watu wazima, ambapo mama wa makamo hupambana na mama wa makamo mwenzake. Akaenda Nairobi, akatoka wa pili katika kundi la umri wake. Aliporudi, wanafunzi wake waliivaa ile medali kwa zamu, kila mmoja akitaka kupigwa picha.

Hapo ndipo mambo mawili yalipoanza kugombania bwawa moja. Alikuwa kocha, na alikuwa mshindani. Muda wa kufanya mazoezi yake mwenyewe alikuwa akiuibia pale watoto walipomaliza somo na kuachwa wacheze kidogo upande wa kina kifupi, chini ya macho ya Ben, kijana mtunza bwawa. Mwongeli aliingia mstari wa ukutani, akaogelea nenda rudi, na kila mara alipoinua uso kuvuta pumzi aliona kofia za njano za watoto zikirukaruka. Akaridhika hivyo.

Mashindano ya Mombasa yalipokaribia, ya watoto asubuhi na ya watu wazima mchana, aliongeza bidii. Ilikuwa Jumamosi ya joto kali. Ben aliitwa langoni kufungulia lori la maji. Akapaza sauti, "Kocha, nakuja sasa hivi!" Lakini kichwa cha Mwongeli kilikuwa ndani ya maji, na hakusikia neno.

Miongoni mwa watoto alikuwamo Kathini, msichana wa miaka kumi na miwili, binti wa Mutindi anayeuza parachichi na machungwa ya Mbooni sokoni. Ndiye aliyekuwa na kasi kuliko wote. Alikuwa amemwona kocha wake akijisukuma kutoka ukutani na kuteleza chini kwa chini bila kuibuka, akataka kumpita. Akamwambia rafiki yake Farhiya kwamba atavuka bwawa zima bila kupumua. Akavuta pumzi nyingi za harakaharaka, akazama.

Mwongeli alikuwa anageuka upande wa kina kirefu alipoona kitu cha njano kwenye sakafu ya bwawa. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba mtoto ameangusha kofia, naye ataiokota akimaliza. Akapiga mkono mmoja zaidi. Ndipo akaona kwamba kofia ile ilikuwa na uso, na kando ya uso kulikuwa na mkono uliofunguka kiganja juu, ukitikisika polepole pamoja na maji.

Jinsi alivyofika chini hakukumbuka baadaye. Alichokumbuka ni uzito. Mtoto hakumshika wala hakupiga teke, alikuja tu kama nguo iliyolowa. Alipomlaza kwenye vigae midomo yake ilikuwa ya zambarau na macho yalikuwa nusu wazi, hayamtazami mtu.

"Kocha, tulidhani anacheza!" Farhiya alikuwa akilia. "Kocha, tulikuwa tunahesabu!"

Mwongeli akampulizia pumzi mdomoni. Kifua kikapanda, kikashuka, kikanyamaza. Akapuliza tena. Akaweka viganja katikati ya kile kifua kidogo akaanza kukisukuma, na huku anasukuma alijisikia akisema kwa Kikamba, "Ngai wakwa, Ngai wakwa," Mungu wangu, kwa sauti ambayo hakuitambua kuwa yake. Watoto wengine walikuwa wamejibana ukutani wakitetemeka jua kali likiwawakia. Hakuna aliyesogea. Kisha Kathini akakohoa, maji yakamtoka mdomoni na puani, akavuta pumzi yenye mkoromo mbaya, akaanza kutapika.

Lile lori la maji ndilo lililowapeleka hospitali, honi ikilia njia nzima.

Mutindi alifika akiwa bado na aproni ya sokoni. Alimkuta Mwongeli kwenye benchi la nje, miguu mitupu, leso aliyoazimwa na muuguzi ikiwa begani. Mwongeli alisimama.

"Mtoto wangu ako hai?" Mutindi aliuliza.

"Ako hai. Wamemuwekea oksijeni."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa ndani ya maji."

"Na yeye?"

"Ndani ya maji pia."

"Mlikuwa kwa maji moja," Mutindi alisema, "na hukumuona?"

Mutindi hakungoja jibu. Akampita akaingia wodini.

Kathini alilazwa, akapimwa mapafu, kisha akaruhusiwa kwenda nyumbani, mzima. Daktari alisema kuvuta zile pumzi za haraka kabla ya kuzama huulaghai mwili, mtu asihisi haja ya hewa mpaka azimie. Mwongeli alilijua hilo. Alikuwa amewakataza. Lakini kukataza na kutazama ni vitu viwili, na alipotambua hivyo, hofu ilimwingia ikakaa.

Hakuweza kuinamisha uso kwenye beseni. Alinawa kwa kitambaa. Akiona kitu chochote cha njano sakafuni, hata ganda la ndizi, moyo ulimpiga mpaka akashika ukuta. Bwawa akalifunga kwa watoto, akawaambia wazazi ni mapumziko. Jumapili moja kulikuwa na ubatizo kanisani. Vijana waliingia mmoja baada ya mwingine katika tangi lililojengwa mbele ya madhabahu, na mchungaji, aliyependa kufanya mambo kwa utulivu, alimzamisha msichana mmoja akakawia kidogo kumwinua. Mwongeli alijikuta amesimama katikati ya waumini.

"Mtoe!" alipiga kelele. "Mtoe, mtoe!"

Kanisa zima likageuka. Msichana aliibuka akifuta macho, akitabasamu. Ndolo alimshika mkewe mkono, akamtoa nje, akamkalisha kwenye kivuli cha ukuta. Alikuwa seremala, mtu wa maneno machache.

"Achana na hii kitu," alimwambia. "Si lazima. Tutaishi tu."

Na kweli angeachana nayo, kama si Mutindi kuja nyumbani kwake wiki iliyofuata, akiwa amemshika Kathini mkono kana kwamba msichana angepeperuka. Mwongeli alipowaona langoni, alidhani wamekuja na polisi. Alitazama nyuma yao kuhakikisha.

"Karibuni," alisema. "Karibu, Mama Kathini."

Mutindi hakukaa. "Juzi nimemtoa kwa silanga," alisema, akimaanisha lile bwawa la udongo ng'ombe wanakonyweshwa, nje ya mji. "Ameenda huko peke yake kuogelea, kwa sababu umefunga. Nilikuta viatu kando. Unajua niliona nini nilipoona viatu?"

Mwongeli alijua. Akaketi ngazini.

"Mimi naogopa maji kuliko wewe," Mutindi aliendelea. "Sijawahi kuingia hata yanayofika magoti. Lakini huyu ameshajua njia. Afadhali arudi mahali kuna mtu. Nitakuwa nakaa hapo kando kila siku. Na wewe, watoto wakiwa ndani, wewe uko nje. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Tena hakuna mambo ya kushika pumzi."

"Hakuna," Kathini alisema haraka, kabla hajaulizwa.

Mazoezi yakaanza tena. Mutindi alikaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani, hapepesi macho. Mwongeli alitembea ukingoni huku na huku akihesabu kofia, akimaliza anaanza upya, mpaka shingo ikamuuma. Mtoto akizamisha kichwa sekunde moja zaidi, filimbi ililia. Watoto walianza kunung'unika kwamba kocha amekuwa kama askari. Hakujali. Mwenyewe hakuingia majini hata mara moja.

Siku ya kwenda Mombasa, basi la shule waliloazima lilisimama Kambu watu wanywe chai. Malori yalikuwa yamejipanga kando ya barabara kuu, wachuuzi wakikimbilia madirisha na njugu na maji ya chupa. Mwongeli alizunguka nyuma ya basi akatapika. Alipoinua kichwa, Mutindi alikuwa pale, chupa ya maji mkononi.

"Ni gari ama ni woga?"

"Ni woga. Watoto wataogelea. Mimi nitawaambia wafute jina langu."

Mutindi alimmiminia maji mikononi. Kathini, aliyekuwa amemfuata mama yake, alisimama akiwatazama wote wawili.

"Kocha," alisema, "mimi pia naogopa. Kila nikiingia naogopa. Sasa wewe ukikataa, mimi nitafanya aje?"

Mwongeli alitaka kumwambia kwamba kuogopa kwa mtoto na kuogopa kwa mtu mzima si kitu kimoja. Lakini dereva alipiga honi, wakapanda.

Asubuhi iliyofuata Kathini aliogelea kwa mgongo, uso juu, kama walivyokubaliana. Mwongeli alimfuata ukingoni hatua kwa hatua mpaka msimamizi akamrudisha nyuma ya mstari. Msichana alitoka wa nne, akapanda ngazi akihema, na kocha akamfunika taulo kabla mama hajamfikia.

Mchana wakaita kundi la miaka arobaini na tano kwenda juu, mita mia moja mtindo huru. Jina la Mwongeli lilikuwa bado limo orodhani, naye akajikuta anatembea kuelekea majini. Alisimama kwenye jukwaa la kurukia, miguu ikitetemeka waziwazi, na mwanamke wa mstari wa pili, mnene mwenye sauti ya upole, akamwambia, "Pole, hata mimi hivyo hivyo." Kengele ikalia.

Maji yalimpokea vizuri. Mwili ulikumbuka kazi yake, mikono ikavuta, na urefu wa kwanza wa bwawa ukaisha bila shida. Alipogeuka, akaona kitu chini. Kilikuwa cheusi, kimejinyoosha, kinasogea naye. Kilikuwa kivuli chake mwenyewe, na akili yake ilijua hivyo, lakini kifua hakikujua. Pumzi ikakatika. Akasimama. Katikati ya mashindano, mbele ya watu wote, Mwongeli alishika kamba inayogawa mistari, akainua kichwa, akavua miwani na kutafuta benchi la watoto wake.

Kofia ya njano, na nyingine, na nyingine. Alizihesabu akimeza maji. Kule mwisho Mutindi alikuwa amesimama, amemwinua mkono Kathini juu kama anayeonyesha kitu cha kuuza sokoni.

"Ako hapa!" Mutindi alipaza sauti. "Mwongeli! Nimemshika! Wewe enda!"

Msimamizi aliyevaa nyeupe alikuwa ameshainama kumpa mkono atoke. Mwongeli akatikisa kichwa. Akavaa miwani, akauacha ule mkono, akaingiza uso majini. Hofu iliingia pamoja naye. Ilikuwa naye kila alipovuta, na kila alipogeuza mdomo kutafuta hewa alidhani haitakuwapo. Hakutazama tena sakafuni. Aliogelea macho nusu yamefumbwa, akagonga mkono kwenye ukuta, akageuka, akaendelea. Wenzake walikuwa wameshatoka na kujifuta alipogusa ukuta wa mwisho. Watu walimpigia makofi yale ya kumhurumia mtu, naye alitetemeka mno hata asiweze kupanda ngazi. Yule mwanamke mnene ndiye aliyemvuta.

Hakuwa wa pili tena katika mashindano yoyote. Bado huenda, mara moja kwa mwaka, na bado hutapika njiani. Mazoezi yake huyafanya asubuhi, watoto wakiwa darasani, na bwawa likiwa halina mtu ila yeye na Ben. Jumamosi hukaa nje, mkavu, akihesabu.

Mwezi wa Desemba, shule zikiwa zimefungwa na mvua imeiacha Wote kijani, Mutindi alikuja mapema, watoto hawajafika. Alikuwa amevaa suruali nyeusi na fulana ya mikono mirefu. Akasimama kwenye ngazi ya kina kifupi, vidole vya miguu vikigusa maji, uso umekauka.

"Nimechoka kukaa kwa kiti," alisema. "Siku nyingine ikitokea, nitafanya nini? Nitapiga nduru tu?"

Mwongeli aliingia kwanza, akamnyooshea mikono yote miwili. Mutindi aliteremka ngazi moja, akasimama, akateremka nyingine. Maji yalipomfika kiunoni akamkamata kocha mabegani kwa nguvu za mtu anayebeba magunia, kucha zikamwingia.

"Usiniachilie."

"Sikuachilii."

"Unatetemeka," Mutindi alisema.

"Najua," Mwongeli alijibu. "Lala nyuma polepole. Kichwa nimekishika."