Bi Mnong'ono na darasa linalomjibia

Saa mbili na robo asubuhi, mwalimu wa fasihi anaburuta kiti chake hadi mbele ya darasa na kukigeuza kiwatazame wanafunzi arobaini na wanane. Anamnyooshea kidole msichana mmoja, naye anakuja kukaa.

Kuanzia hapo msichana ni mama wa kwenye riwaya, yule aliyeuza shamba kwa siri. Wenzake watamhoji. Sheria ni moja: akijibu jambo wanaloshuku halimo kitabuni, darasa linapiga kelele, "Ukurasa!", mpaka alionyeshe lilipo.

Wanafunzi humwita mwalimu wao Bi Mnong'ono. Miaka miwili iliyopita alipasuliwa koo, na sauti iliyofundisha kwa miaka kumi na saba haikurudi.

"Nilidhani kazi imekwisha," anasema, na inabidi usogee ndipo umsikie. "Kumbe nilikuwa naongea mno. Nasimulia riwaya nzima, wao wanasinzia. Nashukuru, koo limenifunza kunyamaza."

Leo mwalimu wa taaluma ameketi nyuma, kalamu mkononi. Walimu wa madarasa jirani wamelalamikia fujo. Yeye ndiye atakayeamua kama Bi Mnong'ono abaki darasani au akatunze stoo ya vitabu.

Maswali yanaanza kwa utani. Mmoja anataka kujua kama hela za shamba zilinunua wigi. Msichana anamjibu kwamba wigi lingekifaa zaidi kichwa cha muulizaji. Wanamdai ukurasa, naye anakiri, huku akicheka, kwamba huo hana.

Kisha sauti nzito inatoka nyuma. Ni mwalimu wa taaluma.

"Kwa nini hukuwaambia wanao?"

Msichana anainamisha kichwa.

"Niliingia niwaambie, nikawakuta wanacheka. Nikasema, wacha wacheke kwanza."

Hakuna anayedai ukurasa.

"Ukurasa?" anauliza mwalimu wa taaluma, taratibu.

Vitabu viko tisa tu, lakini darasa zima linajibu kwa pamoja: "Themanini na tatu!"

Nje ya mlango, mwalimu wa taaluma anasema Bi Mnong'ono abaki, ila afunge madirisha. Kisha anaomba kuazima kitabu.

Bi Mnong'ono anafuta macho kwa ncha ya mtandio. Ana mpango tayari.

"Mwakani nataka riwaya yenye watu wengi," ananong'ona. "Wamo watoto humu ambao bado sijawasikia."