Udongo wa Mlangoni kwa Mama Zaina

Mkinicheka chekeni tu, maana mimi mwenyewe nimechelewa sana kuucheka huu mkasa, na hadi leo nikimwona mtu anafagia mlangoni kwake masikio yananiwaka moto. Niliwahi kusimamishwa mbele ya mtaa mzima pale Gitega nikiitwa mchawi, na aibu yenyewe, niwaambie mapema, haikuwa hiyo ya kuitwa mchawi.

Ilikuwa miaka ya vita. Wazazi wangu walikuwa wametoka kwetu Muyinga wakavuka kwenda Tanzania kupitia Giteranyi, mimi nikaachwa upande huu, nikahangaika hadi Gitega na huko nikapata kazi kwa fundi wa vioo (kazi haikukosekana, vioo vilikuwa vinavunjika kila leo). Fundi alikuwa mtu wa maneno machache, na mtaani hakuna aliyesimama kunisalimia, kwa sababu siku zile mgeni aliulizwa kwanza ametoka wapi, na jibu lolote ulilotoa lilikuwa baya. Halafu amri ya kutotoka nje ilianza mapema, ukishafunga mlango umefunga, unabaki wewe na kibatari chako. Upweke ule sitaki kuupamba. Kuna jioni nilikuwa nakohoa makusudi ili nisikie sauti ya mtu.

Basi ndipo nikaanza kuleta nyumbani mastiki inayobaki kazini, lile tope laini la chaki na mafuta tunaloshikizia vioo kwenye fremu, nikawa nafinyanga watu wadogo wa urefu wa kidole. Nikamfinyanga Mama Zaina, jirani yangu muuza mandazi, na beseni lake kichwani, nikamfinyanga Espoir, kinyozi Mkongomani aliyetoka Uvira, nikaendelea hivyo hivyo na mtaa. Lakini watu hawasimami hewani, wanataka ardhi, kwa hiyo nikatandaza mastiki juu ya kipande cha ubao, na kabla haijakauka nikaigongagonga kwa mswaki mkuukuu ipate ukwaruzo wa vumbi, nikabonyeza ganda la chungwa ipate vishimo vya matone ya mvua, na mlangoni kwa Mama Zaina nikapitisha kitana, maana yeye alifagia kila asubuhi na mistari ya ufagio ilikuwa inabaki. Ikapendeza, kasoro rangi tu, ilikuwa nyeupe kama ugali. Mtu mwenye akili zake angenunua rangi. Mimi nikaamua (uamuzi mdogo tu, jamani) kuinyunyizia udongo wa kweli, tena si wa popote, kila mtu asimame juu ya udongo wa mlangoni kwake, kwa sababu wa Mama Zaina ulikuwa mweusi wa majivu na wa Espoir mwekundu, nami nilitaka wawe wenyewe hasa. Na kwa majani nikaokota nywele zilizofagiwa nje kwa Espoir, ambazo ukizigandisha kwenye mastiki huwezi kuzitofautisha na majani ya kiangazi.

Sasa nyinyi niambieni. Mgeni asiyejulikana anachota udongo milangoni mwa watu alfajiri, na mfukoni ana nywele zao. Mimi wallahi nilikuwa nawaza rangi.

Nilikuwa nimechutama nakwangua kwa kijiko, mlango ukafunguka usoni pangu.

"Yewe!" Mama Zaina akapiga kelele. "Njooni muone! Huyu mutu iko nakwangua mulango yangu!"

Badala ya kusimama na kumsalimia, nikakimbia, na ukishakimbia na kijiko mkononi hakuna mtu atakayekusikiliza tena. Wakanifuata hadi chumbani, wakaukuta ubao, wakajiona wamesimama pale wote. Espoir akainama, akashika yale majani yangu, akaruka nyuma.

"Aka! Hii nywele imetoka kwangu!"

Mmoja akasema nichomwe na vitu vyangu. Msidhani alitania, siku zile mtu alipotea kwa jambo dogo kuliko hilo, na mimi sikuwa na hata mmoja wa kusema namjua huyu. Bahati nzuri shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa, alifika haraka, akaamuru ubao uwekwe chini katikati ya njia, akaniambia, "Bon, kijana, sema mbele ya watu. Hizi vitu ni nini?"

"Ni nyinyi," nikasema.

Kelele zikapanda. Akanyoosha mkono zikashuka.

"Na unatufanyia nini?"

Ningeweza kusema natengeneza vitu vya kuuza, jibu hilo lilikuwa jepesi na lingetosha. Lakini hofu ikanichomoa ukweli. "Naongea nanyi," nikasema. "Jioni. Sina mtu mwingine wa kuongea naye."

Hapo, jamani, nilitamani waniite mchawi tena. Mwanamume mzima mwenye ndevu, nimekiri mbele ya mtaa kwamba nacheza na wanasesere kwa upweke, na machozi yakaja, na makamasi yakaja pia, na leso sina.

Mama Zaina ndiye aliyesogea. Akachuchumaa, akajitazama pale ubaoni. "Mi niko munene hivi?"

Watu wakacheka, Espoir akacheka hadi akakaa chini. Yeye akaendelea kutafuta kwa kidole. "Na we uko wapi? Sikuoni hapa."

"Sijajitengeneza."

"Basi jitengeneze, ujiweke hapa ku mulango yangu. Na udongo ukitaka, piga hodi, mwanangu, nitakupa na mandazi."

Mtadhani nilikwenda kesho yake. Sikwenda. Niliona haya, nikawa napita njia ya nyuma, na akiniona kwa mbali ananiuliza, "Ule mutu wako iko wapi?" nami najibu bado kidogo. Nilimfinyanga yule mtu nikamvunja, nikamfinyanga tena, kumbe nilikuwa natafuta visingizio. Mwisho nikamkamilisha, amechutama na kijiko chake, nikavaa shati safi, nikaenda nikapiga hodi. Nikapiga tena.

"Balishaenda," Espoir akaniambia kutoka ng'ambo ya njia. "Yeye na Zaina. Juzi, asubuhi. Wapi, haijulikane."

Nikatazama chini. Mlangoni hapakuwa pamefagiwa.

Sasa nimerudi Muyinga, nina mke na nina majirani, na sijachota tena udongo wa mtu, hilo halikunishinda. Kiapo changu ni kingine: nikikaribishwa leo naenda leo, hata kama nina haya, hata kama shati ni chafu. Mke wangu huniona sina adabu. Ubao ule ninao kabatini, mastiki imepasuka hapa na pale, na kijana wa kijiko amechutama mlangoni kwa Mama Zaina, juu ya udongo wake, mistari ya ufagio bado inaonekana.